Usalama Ziwani: Ni Nani Anayesikiliza?

Mtu akisimama Makere halioni Ziwa Tanganyika. Mbele yake ni vilima vya Buha, migomba, mashamba ya maharage na mihogo, na barabara iendayo Kasulu. Ziwa lenyewe liko zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapo. Yaweza kuonekana ni jambo la ajabu, basi, kwetu kuandika habari za rada na redio za meli kwa watu wa nyanda za juu, ambao wengi wao chombo walichopata kupanda ni mtumbwi wa kuvukia mto. Hata hivyo twasema kwamba hapana mahali pengi pa bara panapolijua ziwa hilo kama Makere. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa katika nchi hiyo mwaka 1996, ilijazwa kwanza na watu waliovuka maji kutoka Kongo. Walikuja na watoto na vyungu vyao, na wengine walikuja na habari za jamaa ambao hawakufika ng'ambo.

Tena mwezi wa Mei 2015, machafuko yalipotokea Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, mpakani kabisa. Njia ya kuwatoa pale ilikuwa ni ziwa. Meli Liemba, iwezayo kuchukua watu kama 600, ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, na mashua za mbao zikawa zikipeleka watu ubavuni mwake kundi baada ya kundi. Wakashushwa Kigoma, wakakaa katika uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapandisha milimani mpaka Nyarugusu. Kazi ile ilifanywa vizuri, nasi hatuna neno la kuwalaumu waliojitoa. Lakini tangu siku zile swali moja limekuwa likitusumbua. Kama mojawapo ya mashua zile ingalipinduka usiku, mbali na macho ya meli, ingalimwita nani, na kwa kitu gani?

Tulipata safari moja kusafiri usiku kwa boti la mbao katika pwani hiyo ya kaskazini ya Kigoma. Mizigo ilikuwa mingi: mawese, dagaa, magodoro, na mbuzi wawili waliofungwa karibu na injini. Mwezi haukuwako. Tulimwuliza nahodha, mzee wa makamo aliyelijua ziwa kama mtu ajuavyo uwanja wa nyumba yake, tukasema, "Mzee, tukipatwa na jambo huku katikati, tutamwita nani?" Akacheka kidogo, akajibu, "Tutawasha tochi, wanangu." Hakusema hivyo kwa kiburi wala kwa kutojali. Alisema kweli yake. Tochi ndiyo mtambo aliokuwa nao.

Jibu lile hutukumbusha kisa cha zamani ambacho kila baharia hukijua. Aprili 1912 meli Titanic iligonga barafu katika Atlantiki. Meli ile ilikuwa na redio, tena redio nzuri kwa siku zile, na mafundi wake walipiga wito wa msaada mpaka dakika za mwisho. Meli nyingine, Californian, ilikuwa imesimama karibu zaidi kuliko zote. Nayo ilikuwa na redio. Lakini ilikuwa na fundi mmoja tu, naye alikuwa amefunga mtambo wake akaenda kulala muda mfupi kabla ya ajali. Wito ulipita juu ya kichwa chake. Meli Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ndiyo iliyosikia, ikaja na kuwaokoa watu wapatao mia saba; zaidi ya 1,500 walikufa. Mwaka 1914 mataifa yakakutana London na kuandika mkataba wa kwanza wa usalama wa watu baharini, na moja ya mambo makuu waliyokubaliana ni kwamba redio za meli zisikilizwe usiku na mchana.

Mkataba huo umeandikwa upya mara kadhaa, na ule unaotumika leo ni wa mwaka 1974, pamoja na nyongeza zake nyingi. Tangu tarehe 1 Februari 1999 meli kubwa za baharini zimeacha kutegemea nukta na vistari vya Morse. Sasa hubonyeza kitufe kimoja, na mtambo wenyewe hutangaza jina la meli na mahali ilipo. Si vibaya tukaeleza kwa lugha nyepesi mitambo ya namna hiyo, maana mtu hawezi kudai kitu asichokijua.

Rada hutuma mawimbi ya redio pande zote, na mawimbi yakigonga kitu hurudi na kuonyesha doa katika kioo. Kwa rada nahodha huona meli nyingine, pwani na mawingu ya mvua hata kama giza ni la kutia kidole machoni. Lakini rada haioni vitu vyote sawasawa. Chuma hurudisha mawimbi kwa nguvu. Mbao hurudisha kidogo sana, na katika mvua kubwa au mawimbi makali mashua ya mbao yaweza kupotea kabisa katika kioo. Jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa mataifa ya meli za chuma. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, wakiwasha taa ili samaki wakusanyike. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na za jua. Mtu akitazama kutoka kilimani hudhani kuna mji juu ya maji. Lakini taa ikizimika, au betri ikiisha, mvuvi yule kwa rada ya meli ni kama hayupo. Dawa yake haina gharama kubwa: ni vipande vya bati vilivyounganishwa kwa pembe za mraba na kutundikwa juu ya mlingoti. Bati la namna hiyo hurudisha mawimbi kule kule yalikotoka, na mashua ndogo huonekana kama kitu kikubwa. Fundi wa bati wa Kasulu, anayetengeneza ndoo na karai, anaweza kulitengeneza akionyeshwa vipimo.

Mtambo mwingine ni ule wa kusoma setilaiti, uitwao jipiesi, ambao sasa umo hata ndani ya simu za mkononi. Setilaiti zake ni za Marekani, nao ulikamilika mwaka 1995. Ni mtambo mzuri mno, ila una jambo moja ambalo watu wengi hulisahau. Jipiesi hupokea tu, haisemi. Mwenye kuwa nayo hujua mahali alipo, lakini walioko nchi kavu hawajui. Tumewasikia vijana wakisema kwamba siku hizi hakuna haja ya redio kwa sababu kila mtu ana simu yenye ramani. Huko ni kuchanganya mambo mawili. Kujua ulipo ni jambo moja, na kujulikana ulipo ni jambo jingine.

Na ramani yenyewe? Vipimo vya kina vya ziwa zima vilivyojulikana sana vilifanywa na wataalamu wa Kibelgiji mwaka 1946 na 1947. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa, na katikati hapana mwamba wa kuogopwa. Hatari iko ukingoni, na ukingo umehama. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda sana; magati, nyumba na miti iliyokuwa nchi kavu sasa iko chini ya maji, haionekani wala haimo katika ramani. Wazee wa pwani walipima kina kwa bildi, yaani kamba yenye risasi. Mtambo wa siku hizi hupima kwa kutuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake. Kwa boti dogo liendalo kijiji hata kijiji, mtambo huo huenda ukawa na faida kuliko rada.

Kisha kuna mtambo wa kujitambulisha. Huu hutangaza kila baada ya muda mfupi jina la chombo, mahali kilipo, mwendo wake na upande kiendako, na vyombo vingine pamoja na vituo vya nchi kavu huona yote hayo katika kioo. Baharini meli za abiria zinazosafiri kati ya nchi na nchi, na za mizigo zenye tani 300 au zaidi, hulazimika kuwa nao. Na wa mwisho ni boya la dharura. Boya hili hukaa katika kitako chake juu ya meli. Meli ikizama, maji yakifika kina kisichozidi mita 4 juu ya kifungo chake, kifungo hufunguka chenyewe, boya huelea na kuanza kuita setilaiti, nalo huendelea kuita kwa saa 48. Mpango wa setilaiti hizo ulianzishwa mwaka 1979 na Marekani, Urusi ya Kisovyeti, Kanada na Ufaransa, katika siku ambazo mataifa makubwa yalitazamana kwa jicho kali. Waligombana katika kila jambo, lakini juu ya mtu anayezama walikubaliana.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Mkataba wa mwaka 1974 uliandikwa kwa ajili ya meli za bahari. Ziwa ni maji ya ndani, na usalama wake hutegemea sheria za nchi zinazolizunguka. Kwa Ziwa Victoria, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya usafiri mwaka 2007, na mwaka 2016 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa fedha kwa mradi wa mawasiliano na usafiri katika ziwa hilo. Ziwa Tanganyika lina wenyewe wanne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Hapa kwetu mamlaka ya ukaguzi ni ya Shirika la Uwakala wa Meli, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Lakini boti lipakialo Kibirizi asubuhi laweza kuwa katika maji ya Burundi mchana, na dhoruba haiulizi pasi. Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya mwaka 2022, nchi tatu kati ya hizo nne zimo katika Jumuiya moja. Kwa hiyo sioni, au tuseme hatuoni, sababu ya ziwa moja kuwa na sheria ya pamoja na jingine kukosa.

Mtu atatuuliza: je, ajali zetu zimetokana na kukosa mitambo? Swali ni la haki, na jibu letu si la kuwafurahisha wauzaji wa mitambo. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander I ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, nayo ilikuwa imebeba watu wengi mara kadhaa kuliko mia sita na kitu walioandikwa katika cheti chake. Tarehe 20 Septemba 2018 feri Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Feri ile iliruhusiwa abiria 101. Waliokufa peke yao ni 228. Pale hapakuhitajika setilaiti kuonyesha ilipo, maana watu wa kisiwani waliiona kwa macho. Hakuna rada inayohesabu abiria. Kazi hiyo ni ya karani mwenye kalamu na moyo wa kusema "Imetosha", na mwajiri asiyemfukuza kazi kwa kusema hivyo.

Lakini tusitoke hapo tukasema kwamba mitambo ni anasa. Huko Ukara giza lilipoingia, uokoaji ulisimamishwa mpaka asubuhi. Na katika Ziwa Tanganyika, mwezi wa Desemba 2014, meli Mutambala ilizama upande wa Kongo na watu zaidi ya mia moja wakafa. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 na zaidi. Upepo wa kusini mashariki wa miezi ya kiangazi hulipiga kwa urefu wake wote, na mawimbi hukua kadiri yanavyokwenda. Sehemu nyingi za pwani ya kusini ya Kigoma ni milima inayoangukia majini, pasipo barabara wala mnara wa simu. Huko chombo kikizama, watu hungojewa siku mbili, siku tatu, ndipo jamaa huanza kuulizana sokoni.

Simu ya mkononi, hata pale inapofika, humwita mtu mmoja. Redio ya vyombo vya majini, ambayo wito wake wa msaada huwa katika chaneli ya 16, humwita kila mtu aliye karibu mwenye redio kama hiyo. Redio ndogo ya mkononi bei yake ni ya chini kuliko injini inayosukuma boti lenyewe. Twasema kwamba mtu awezaye kununua injini hawezi kudai kwamba redio imemshinda. Ila naye ana haki ya kutuuliza sisi: nikinunua, nani atanisikia?

Hapo ndipo milima inapokuwa na kazi. Mawimbi ya redio hii huenda moja kwa moja kama mwanga, hayapindi nyuma ya kilima. Redio iliyo mkononi mwa mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi haifiki mbali. Lakini mnara ukisimamishwa katika ukingo wa bonde, mita 500 juu ya maji, huweza kusikia mpaka kiasi cha kilomita 90, na upana wa ziwa kwa wastani ni kilomita 50 hivi. Kwa hesabu ya karatasi, vituo vinne au vitano vingelisikia ziwa lote kutoka Uvira hadi Mpulungu. Karatasi haina rasi wala magenge, kwa hiyo huenda vikahitajika vingi zaidi. Hata viwe kumi, si gharama ya kuzishinda nchi nne. Gharama iliyo ngumu ni ya watu: wa kukaa mbele ya redio saa 24, kwa zamu, wanaojua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza kidogo, wanaolipwa mwisho wa mwezi bila kukosa, na wenye boti la uokoaji lililojazwa mafuta. Kituo kinachosikia wito na hakina boti huishia kuandika majina ya marehemu.

Watu hao si wa kutoka mbali. Vijana wa Kasulu na Kibondo, ambao babu zao walitembea miguu kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, wamemaliza shule na wengi hawana kazi. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha mabaharia tangu mwaka 1978. Na katika Nyarugusu wamo watu waliokuwa wavuvi na manahodha wa pwani ya Kongo, wanaolijua ziwa kwa majina ya rasi zake zote, nao wamekaa milimani miaka mingi wakitazama mihogo. Sheria za kazi kwa mkimbizi zina mipaka, twajua. Lakini ujuzi wao kuukusanya na kuuandika katika ramani mpya hakukatazwi na sheria yo yote tuijuayo.

Jambo moja lililobaki ni la mafundi. Tumepata kuingia katika chumba cha usukani cha chombo kimoja, hatukitaji jina, tukaonyeshwa rada nzuri iliyofunikwa kitambaa cha maua. Tulipouliza inaonaje, tukaambiwa haijawashwa tangu taa yake ya mawimbi, iitwayo magnetroni, ilipokufa. Cheti cha ukaguzi kilikuwa kimebandikwa ukutani juu yake. Mitambo hii huchoka. Maji, joto na mtikisiko wa injini huila, na vipuri hutoka mbali. Liemba yenyewe, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 karibu na mlango wa Malagarasi, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927, imeishi zaidi ya miaka mia moja kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mafundi waliothubutu kuifungua na kuifunga tena. Imelala miaka mingi ya karibuni ikingoja matengenezo makubwa na kufanyiwa. Wanaoitengeneza wakumbuke kwamba chumba cha redio hakionekani na abiria, nacho husahaulika kwa urahisi kuliko rangi ya ubavuni.

Boya la dharura nalo lina betri, na betri ina tarehe yake ya mwisho iliyoandikwa juu ya boya kwa namba za kusomeka. Kifungo kinachoachia boya meli inapozama hubadilishwa kila baada ya miaka 2, nacho kina tarehe yake. Abiria ye yote wa meli yenye boya hilo, awe ametoka Makere au Mpulungu, anaweza kumwomba baharia kwa heshima amwonyeshe tarehe hizo mbili kabla kamba hazijafunguliwa gatini.